Ushahidi juu ya Yesu: tuiache barua ya Lentulus

Mhariri,

Wiki ya Pasaka mlichapa makala kuhusu ushahidi wa Yesu nje ya Biblia, na katikati yake mkaweka ile barua ya "Publius Lentulus, gavana wa Yerusalemu" kwenda kwa Seneti ya Roma: Yesu ana nywele zinazoshuka mabegani, zimetengwa njia katikati, na ndevu nene zilizogawanyika. Juma lililofuata msomaji mmoja akajibu kwamba yote ni ya kutunga, na kwamba hakuna hata mtu mmoja wa zama zile, asiye Mkristo, aliyemtaja Yesu. Wote wawili wamenikera, na huyo wa kwanza zaidi, maana ni wa upande wetu.

Lentulus tummalize haraka. Yerusalemu haikuwa na gavana wake. Liwali wa Kirumi alikaa Kaisaria, pwani, akipanda Yerusalemu hasa nyakati za sikukuu, na aliyemtangulia Pontio Pilato aliitwa Valerius Gratus, si Lentulus. Barua yenyewe haijulikani popote mpaka mwishoni mwa zama za kati, na katika karne ya 15 hiyo hiyo msomi Mwitaliano Lorenzo Valla alikwisha kuikataa. Kwa dhana yangu, aliyeiandika alikuwa amekaa mbele ya picha ya kanisani na kalamu mkononi.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mshauri wa Mahakama ya Mwanzo, sisi ambao watu bado wanatuita wazee wa baraza. Kesi za mirathi zilinifundisha kumwogopa shahidi anayekuja na maneno yamejipanga. Nakumbuka familia moja iliyokana katakata kwamba marehemu alikuwa na mdogo wake. Siku ya tatu akaitwa mzee mmoja aeleze mpaka wa shamba tu, ulipita kwenye mwembe au kwenye mfereji. Akasema, "Siku ile tunapima nilikuwa na yule fundi baiskeli, mdogo wake marehemu." Akaendelea na mwembe wake. Hakujua kwamba ameshamaliza kesi. Hakimu aliinua kichwa, nasi tukatazamana.

Mzee huyo ndiye Josephus. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 37, katika ukoo wa makuhani, akapigana na Warumi Galilaya, akajisalimisha mwaka 67, akaishia Roma akila mkate wa Kaisari na kuandika historia ya watu wake. Mwaka 93 au 94 alikamilisha kitabu kikubwa cha historia ya Wayahudi chenye juzuu 20. Katika juzuu la mwisho anasimulia mkasa wa mwaka 62, mwenyewe akiwa kijana wa miaka 25 hivi. Liwali Festo, yule yule wa Matendo ya Mitume, amefia kazini. Mrithi wake Albinus yuko njiani. Kuhani mkuu Anasi mdogo, mtoto wa yule Anasi wa Injili, akaona pengo hilo ni bahati yake: akaita baraza, akamleta "ndugu wa Yesu aitwaye Kristo, jina lake Yakobo" na wengine, wakahukumiwa kupigwa mawe. Watu wanaoshika sheria wakachukia, wengine wakaenda kumlaki Albinus njiani wamshtaki Anasi. Mfalme Agripa akamvua ukuhani mkuu, baada ya miezi 3 tu, akamweka Yesu mwana wa Damneo.

Tazameni majina hayo. Josephus hapo anazungumzia kuhani aliyevuka mipaka ya mamlaka yake. Yakobo anaingia kama mwathirika, na ili msomaji wa Roma asichanganye Yesu na Yesu, maana jina hilo lilikuwa la kawaida kama Juma kwetu, anamtambulisha kwa kaka mtu: yule aitwaye Kristo. Hamsifu wala hamtukani, anarudi kwenye habari za Anasi. Wapo wanaosema maneno hayo yalichomekwa na Wakristo. Mimi siafiki. Wakristo walizoea kumwita Yakobo "ndugu yake Bwana", kama Paulo kwa Wagalatia, na aliyetaka kuchomeka kitu angechomeka kinono zaidi.

Na kinono kipo, tusifichane. Katika juzuu la 18 Josephus huyo huyo anasomeka akisema Yesu "alikuwa ndiye Kristo" na kwamba siku ya tatu aliwatokea wafuasi wake akiwa hai. Wahubiri hupenda kifungu hiki, na makala yenu ilikinukuu chote bila hata kukohoa. Lakini Origen, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3 aliyemsoma Josephus, anasema wazi kwamba Josephus hakumwamini Yesu kuwa ndiye Kristo. Anayekinukuu kwanza kikiwa kizima ni Eusebius, karne ya 4. Wanahistoria wengi wanaona kwamba Josephus aliandika kitu kifupi juu ya Yesu na kuuawa kwake chini ya Pilato, kisha mkono wa Mkristo ukatia chumvi. Ukipenda linganisha na Agapius, askofu wa Manbij huko Syria, aliyekinukuu kwa Kiarabu katika karne ya 10. Kwake maneno yamepoa, Yesu "huenda" ndiye Masihi.

Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, naye tusimtwike mzigo asiouweza. Karibu mwaka 116 aliandika jinsi Nero alivyowasingizia Wakristo moto wa Roma wa mwaka 64, akaongeza kwamba Kristo aliuawa na Pontio Pilato wakati wa Kaisari Tiberio. Anawachukia Wakristo waziwazi, kwa hiyo hakuwa akiwafanyia hisani. Ila anamwita Pilato kwa cheo cha maliwali wa baadaye. Mwaka 1961 lilifukuliwa jiwe Kaisaria, limegeuzwa kuwa ngazi ya ukumbi wa michezo, lenye jina la Pilato na cheo chake halisi, praefectus. Inaelekea Tacitus hakufungua faili la Pilato. Aliandika kilichojulikana na wasomi wa siku zake. Barua ya Pliny, gavana wa Kirumi, kwa Kaisari Trajan, ya mwaka 112 hivi, inathibitisha kuwapo kwa Wakristo waliomwimbia Kristo alfajiri kama mungu, basi. Suetonius, mwandishi mwingine wa Kirumi, anamtaja "Chresto" fulani, labda ni Kristo, labda siye, na sitasimama kizimbani kwa ajili yake.

Kwa hiyo msomaji wenu aliyesema hakuna kitu, amekosea. Akiuliza kwa nini ni haba hivyo, amkumbuke Pilato: alitawala miaka 10, na kabla ya jiwe lile hapakuwa na andiko hata moja la jiwe lenye jina lake. Fundi seremala wa Nazareti angepata wapi?

Kufufuka ni shauri jingine, na Josephus haitwi huko. Ndugu zetu Waislamu nao hawana ugomvi nasi kwamba Isa bin Mariamu alikuwapo. Tunapopishana ni msalabani, na mihadhara yetu ingetulia kidogo kama pande zote zingejua nani kasema nini, na mwaka gani.

Ombi langu ni dogo: Pasaka ijayo msirudie barua ya Lentulus. Picha ya sebuleni kwangu, ile yenye nywele zilizotengwa njia katikati, itabaki ukutani. Mama watoto ndiye aliyeinunua.

Wenu,
Mzee wa baraza mstaafu,
Morogoro