Ile aya ya mwisho kwenye barua ya Dada

Mdogo wangu,

Nimekutumia ujumbe WhatsApp mara nne. Zote zina tiki mbili za bluu na hakuna jibu. Sasa naandika hapa, kwa sababu binti yako husoma na najua atakuonyesha. Usimgombeze mtoto.

Kila Ijumaa nikimpigia mama nakusikia nyuma yake, unasogeza masufuria. Mama husema, "Dada yako huyu, ongea naye," halafu simu inarudi kwake na tunaendelea kuzungumzia mvua.

Naanzia kwenye ule mkeka. Arobaini ya Dada, Ngamiani pale Tanga, upande wa wanawake. Hitima imekwisha, masinia ya pilau yanapita, shangazi amekaa kati yetu. Akauliza, kwa nia njema kabisa, imekuwaje mtu anayepimwa matiti kila mwaka, tena Marekani, saratani ikamkuta imeshafika kwapani. Kabla sijafungua mdomo ukasema, bila kunitazama: "Muulizeni yeye. Si ndiye alimwambia ni maneno ya kisheria tu?" Ukaendelea kupakua kachumbari.

Pale mkekani tulielewa wawili tu. Nikajua hapo hapo kwamba Dada alikusimulia. Mimi hakuniambia. Miaka miwili ya dripu na kutapika, nikimpeleka na kumrudisha, nikimnyoa nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, hakuwahi kunikumbusha neno lile hata mara moja. Kumbe alikuwa nalo. Nawe ukanikabidhi mbele ya watu, kijiko cha kachumbari mkononi.

Acha nikueleze, maana ulisikia nusu.

Ilikuwa 2021. Nimetoka zamu ya usiku kule nyumba ya wazee, sare bado mwilini, miguu imevimba. Dada amekaa mezani, bahasha ameifungua, karatasi anainyoosha kwa kiganja kama anaipiga pasi. "Nisomee." Mstari wa kwanza ulisema hakuna dalili ya saratani, arudi baada ya mwaka. Nikamwambia, akasema alhamdulillahi. Halafu akaweka kidole kwenye aya ya mwisho. "Na hapa? Mbona wameandika mengi?" Nikaipitisha macho. "Maneno yao ya kisheria tu, dada." Akaikunja mara nne, akaitia kwenye lile kopo la biskuti.

Kopo ninalo mimi. Barua nimeisoma mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma. Huku Texas walikuwa na sheria yao tangu 2011 ya kuwapa wanawake taarifa hiyo ya aya ya mwisho, na taarifa yenyewe inaanza na "kama". Kama picha yako inaonyesha tishu za matiti zilizosongamana, ambazo zinaweza kuficha kasoro, na kama una vihatarishi vingine, huenda vipimo vya ziada vikakufaa. Kama, kama, huenda. Hakuna palipoandikwa kwamba wewe, mama, matiti yako ndiyo hayo. Wewe ungeisoma saa moja asubuhi baada ya kugeuza wazee usiku kucha, ungeshtuka? Nakuuliza kweli.

Miezi saba baadaye, akioga, mkono ukagusa kitu kigumu kwapani, kama kokwa ya zambarau. Hospitali wakampiga altrasaundi, na uvimbe ukaonekana ndani ya titi siku hiyo hiyo. Daktari alitugeuzia kioo tukaona picha mbili. Mamogramu ile ya zamani, yaani picha ya eksirei ya matiti, ilikuwa nyeupe karibu yote, kama kioo cha gari asubuhi ya umande. Akatueleza kwamba kwenye mamogramu mafuta hutoka meusi, tezi za maziwa na nyuzi hutoka nyeupe, na saratani nayo hutoka nyeupe. Titi lenye mafuta mengi, uvimbe unajionyesha. Titi lililosongamana tezi na nyuzi, unatafuta punje ya chumvi kwenye bakuli la sukari. Dada akauliza, "Kwa hiyo ile mashine haikuniona?" Daktari akasema inawezekana.

Nilikuwa nadhani ni suala la matiti makubwa au magumu. Sivyo. Huwezi kulijua kwa kushika wala kwa kutazama, hujulikana kwenye picha tu. Madaktari hulipanga kwa herufi nne, A hadi D: A karibu yote ni mafuta, C na D ndiyo yaliyosongamana. Wanawake wa miaka 40 na kuendelea, karibu nusu wako kwenye C na D. Si ugonjwa. Ila linaficha, na lenyewe pia linaongeza uwezekano wa kupata saratani. Dada alikuwa D. Ilikuwa imeandikwa kwenye ripoti iliyokwenda kwa daktari wake, Kiingereza cha kidaktari, sisi tukapewa ile ya "kama".

Kuna mwanamke wa Connecticut, Nancy Cappello, alikuwa na shahada ya udaktari kwenye elimu. Miaka zaidi ya kumi mamogramu zake zilikuwa safi, na 2004 akakutwa na saratani iliyosambaa hadi kwenye mitoki. Akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Alisumbua wabunge hadi 2009 jimbo lake likawa la kwanza kulazimisha mwanamke aambiwe. Alifariki 2018. Yeye Kiingereza alizaliwa nacho, mdogo wangu, na hakuambiwa. Nilipomsoma nililia, na sitakuficha, nilipata nafuu pia.

Tangu tarehe 10 Septemba 2024 kumwambia mwanamke ni lazima Marekani nzima, na "kama" imeondolewa. Miezi michache tu baada ya arobaini. Barua yangu mwenyewe ilikuja Novemba: tishu za matiti yako zimesongamana. Wazi kabisa, sentensi fupi. Nilikaa nayo kwenye kiti kile kile cha Dada.

Sasa wewe. Binti yako ameniambia umesema hupimwi, kwamba kipimo kilimdanganya Dada, wewe cha nini. Una miaka 42 na dada yako amekufa kwa ugonjwa huo. Mamogramu inaona mengi ambayo mkono hauyafikii, usiiache. Nenda, na ukimaliza usitosheke na "iko safi". Uliza herufi. Ukiambiwa C au D, mweleze daktari habari ya Dada na uulize kama altrasaundi itafaa. Nitakutumia hela, ya kipimo na ya basi la kwenda Dar, ukale na chakula.

Sikudanganyi kwamba kila kitu kimeshaamuliwa. Altrasaundi huleta hofu za bure, watu wanakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe halafu si kitu, na wataalamu wa hapa bado wanabishana nani aongezewe kipimo. Uholanzi waliwaita wanawake wenye matiti yaliyosongamana zaidi wapigwe MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, baada ya mamogramu safi, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba saratani zilizoibuka katikati ya vipimo zilishuka kutoka 5 hadi 2.5 kwa kila wanawake 1,000. Dada aliibukiwa katikati ya vipimo. Naiangalia ile tofauti na kujiuliza angeangukia upande gani.

Ungekuwa wewe ndiye umeishi naye ungeisoma vizuri kuliko mimi? Labda. Ulikuwa hodari shuleni. Lakini hukuwepo, nami nilikuwepo, na ile sentensi moja isifute mengine yote niliyomfanyia. Yeye mwenyewe hakuifanya ifute. Siku tatu za mwisho alikuwa akilala ameshika kidole changu gumba.

Altrasaundi yangu ni Jumanne. Ijumaa nitampigia mama saa zile zile, wakati wa masufuria. Akikupa simu, ipokee, hata kama ni kunisema. Nitakusomea barua yote, hadi ile aya ya chini.