Kivuko kilikuwepo, Mhariri

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Wiki iliyopita mmeandika habari ya wanafunzi wa Vingunguti wanaovuka Mto Msimbazi kwenda upande wa Tabata, mkasema pale hapajawahi kuwa na daraja. Hapo ndo mmeteleza. Mi nimekulia pale, nimevuka pale na yunifomu miaka saba.

Kwanza ilikuwa minazi. Magogo mawili yamefungwa waya, juu yake wazee wamegongomea vipande vya mbao, mvua ikinyesha linateleza utadhani limepakwa sabuni, basi tunavua viatu tunavining'iniza shingoni tunavuka tumeshikana mashati. Kiatu changu cha kushoto kiliondoka na mto nikiwa darasa la tatu, nyumbani nikachapwa mimi, mto haukuchapwa. Na kila masika ikiisha wazee wanatafuta mnazi mrefu kuliko ule wa mwaka jana, sisi watoto hatukujiuliza kwanini.

Mvua za El Nino, zile za 1997 kwenda 1998, zikasomba magogo yote. Tukawa tunabebwa mgongoni na vijana wa kuchimba mchanga, mtu mzima analipa, mwenye yunifomu bure. Baadae fundi mmoja wa kuchomelea akaleta chesisi ya lori bovu, watu wakachanga saruji, ikalazwa pale na mabati mazito juu, ikadumu kweli kweli mpaka mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyofanya watu wa mabondeni wapelekwe Mabwepande.

Sasa sikiliza maana hili ndo lililonifanya niandike. Ile chesisi haikukatika wala haikusombwa. Maji yalikula kingo ya ng'ambo, ambayo ilishalegea kwa kuchimbwa mchanga kila siku, asubuhi watu wanakuta chuma kipo palepale ila Tabata imesogea hatua kama kumi mbele! Na usidanganywe na jua, mvua ya mto ule inanyesha Pugu huko, wewe umeanika nguo zako mara unaona maji mekundu yanashuka na magodoro ya watu.

Juzi nimepita nikakuta jamaa wamevaa vizibao vya kung'aa wanapima kutoka kingo mpaka kingo. Nikamuuliza mmoja kama wameongea na wazee wa hapo, akaniambia wana ramani. Haya.

Mwandishi wenu naye angeuliza tu. Chesisi bado ipo, nusu imezama kwenye udongo, kuna mama wa vitumbua anaegeshea ndoo zake juu yake. Saa kumi na mbili asubuhi yupo, na wateja wake wa kwanza ni haohao wanafunzi, wanakula kwanza alafu ndo wanavua viatu.

Mkazi wa zamani wa Vingunguti,
Dar es Salaam