Mdogo wangu, kabla hujaita lori

Mdogo wangu,

Tangu uniambie unahamia mbali na kwamba unaondoka na kila kitu, moyo wangu haujatulia. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wapo wengine wanaofunga maboksi kama wewe.

Nilipohama mara ya kwanza, kila nilichokishika nilisema, “Hiki bado kizima.” Ndivyo nilivyobeba kabati la zile mbao za unga uliogandishwa kwa gundi. Lilifunguliwa, likasafiri siku mbili, na tulipoliunganisha upya skurubu zikakataa kushika. Ubao ule ukishatobolewa na kufunguliwa, matundu yake hulegea. Wiki hiyohiyo nikalitupa, na nauli yake nilikuwa nimeshalipa.

Msafirishaji haulizi kitu kina thamani gani kwako. Anatazama uzito na nafasi. Godoro lako la mita 2 kwa 1.8, unene sentimita 25, unalinyanyua bila shida. Lakini kwa ndege, kwa kawaida kila sentimita za ujazo 6,000 huhesabiwa kilo 1, hata kitu kikiwa chepesi. Godoro hilo litatozwa kama kilo 150! Vitabu ndiyo kinyume chake: boksi dogo tu, na mgongo unalia.

Basi jiulize hivi: ningefika kule mikono mitupu, hiki ningekinunua tena? Kama hapana, kiuze sasa. Usisubiri wiki ya mwisho, maana mnunuzi akijua unaondoka Jumamosi, bei anapanga yeye. Na ukiomba makadirio ya usafiri, omba mawili, pamoja na samani kubwa na bila samani hizo. Ile tofauti ndiyo bei halisi ya kubeba samani hizo, ilinganishe na bei ya samani za huko uendako.

Vyeti, picha na barua za Baba visipande lori. Viwe kwenye mkoba wako, begani.

Nguo za mtoto wako za uchanga najua zitakuliza. Chagua moja, zilizobaki mpe mama anayezihitaji leo.

Halafu kuna cherehani ya Mama. Ni chuma kitupu, na wewe hujui kushona. Kwa hesabu zote nilizokupa hapa, ingebaki. Usiiuze, na usimpe mtu. Nipigie ukishaipima, kilo zake nitazilipia mimi.