Mama mkwe anataka nitoe ushuhuda kwamba nimeacha dawa

Mama Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, mama wa watoto wawili. Baada ya kujifungua huyu wa pili usingizi ulinikimbia, nikawa nalia bila sababu, ikafika mahali namtazama mwanangu kama mtoto wa jirani. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeniuliza, "Mama, na wewe mwenyewe unaendeleaje?" Nikapelekwa kwa daktari, akasema ni sonona ya baada ya kujifungua, akanipa vidonge ninavyoweza kutumia huku nanyonyesha. Alinionya kwamba huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na nisiviache ghafla hata nikijisikia nimepona.

Katika wiki hizo za kusubiri, nilichoshika ni Neno. Zaburi ya 42 nimeiandika kwenye karatasi ya daftari na kuibandika mlangoni mwa kabati. Mtoto akiamka saa nane usiku na yale mawazo yakaanza kunijia, naisoma kwa sauti: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?" Napenda jinsi huyu mwimbaji asivyoikemea nafsi yake; anaiuliza. Siku zikiwa mbaya zaidi nasoma Zaburi ya 88, ambayo mwisho wake hauna faraja yoyote, inaishia gizani. Wengi huikwepa. Mimi inanitia nguvu, maana kama sala ya namna ile imeachwa ndani ya Biblia, basi na yangu inasikika.

Shida ni mama mkwe. Simsengenyi: uzazi wote ni yeye aliyenikanda maji ya moto, akanipikia uji, akambeba mtoto ili nilale. Lakini ndiye kiongozi wa kikundi cha maombi cha mtaani kwetu, na tangu alipoviona vidonge kwenye mkoba wangu hatuna amani. Anasema mtu aliyeokoka hamezi "dawa za Mirembe". Jina la hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma limegeuzwa tusi midomoni mwa watu, na linaniuma, kwa sababu wapo wanaotibiwa pale na kurudi makwao wazima.

Kila Alhamisi kikundi kinanisomea Wafilipi 4:6, "Msijisumbue kwa neno lolote." Ni mstari ninaoupenda sana. Ila ukisomewa huku umezungukwa na watu, mikono yao kichwani kwako, unageuka shtaka: unajisumbua, kwa hiyo humwamini Mungu. Nikarudi kuisoma barua yote. Sura ya 2 Paulo anaeleza Epafrodito, mtenda kazi mwenzake kutoka Filipi, alivyougua karibu kufa, na kwamba Mungu alimhurumia Paulo pia, "nisiwe na huzuni juu ya huzuni". Anamrudisha kwao ili huzuni yake mwenyewe ipungue, na hayo anayaandika akiwa kifungoni. Ni Paulo huyo huyo aliyesema msijisumbue! Siamini hata kidogo kwamba alikuwa anawakemea wenye huzuni. Na Eliya, alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumhoji kuhusu imani yake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, "kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako."

Lakini nani atamwambia hayo mama mkwe? Mkaza mwana hamfundishi mkwewe Biblia.

Sasa wamepanga Jumapili ya mavuno nisimame mbele ya kanisa nishuhudie kwamba nimeacha dawa na Bwana ameniponya. Mama ameshawatangazia watu. Mume wangu yuko machimboni Chunya, na kwenye simu anasema, "Mkubalie tu mama, halafu uendelee kumeza kimya kimya." Hilo siliwezi. Siwezi kusimama madhabahuni nikamsingizia Mungu aliyenishika mkono usiku wote ule. Tena huenda kwenye mabenchi kuna mama mwingine mwenye vidonge kama vyangu mkobani, naye akitoka pale avitupe chooni.

Mama, naomba unishauri. Nimsubiri mume wangu aje azungumze na mama yake, au nimfuate mchungaji kwanza, ingawa mama akijua ataona nimemshtaki? Je, naweza kutoa ushuhuda wa kweli, kwamba Zaburi na vidonge vimenisaidia kwa pamoja, bila kumwaibisha mama mbele ya watu wanaomheshimu? Na ikibidi nikae kando na kikundi kwa muda, nifanyeje nisimpoteze yeye? Bado namhitaji, na wanangu wanampenda.

Mavuno ni mwezi ujao.

Mwalimu, Mbeya