Barua ya wazi kwa Waziri Murkomen: msitubebeshe makanisa madogo makosa ya Shakahola

Kwako Mheshimiwa Kipchumba Murkomen, Waziri wa Usalama wa Ndani,

Salamu nyingi kutoka Kilifi. Mimi ni mzee wa kanisa huku nje ya Malindi, ukishika ile barabara ya kwenda Sala Gate. Kanisa letu ni la mabati na benchi za mbao, Jumapili tukijaa sana ni watu sitini hivi pamoja na watoto. Nakuandikia bila hasira na bila kutumwa na chama chochote. Serikali tunaiheshimu, Warumi 13 tunaisoma, na Rais tunamuombea kila ibada hata wale hawakumpigia kura wanasema amina. Lakini kuna jambo linatukosesha usingizi na nikinyamaza nitakuwa sijatenda haki kwa watu ninaowaongoza.

Ile habari ya kudhibiti makanisa imerudi tena. Mara ni mswada uliopelekwa Seneti 2024, mara ni ripoti ya jopo la Mchungaji Mutava Musyimi ambayo Rais alikabidhiwa Julai 2024, mara ni sera, na zote zinaelekea pale pale: serikali iwe na chombo cha kusimamia dini, makanisa yabanwe zaidi kwa usajili, na mhubiri naye aulizwe alisomea theolojia wapi. Tukiuliza kwa nini, jibu ni moja tu, Shakahola, ule msitu ambao wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga mpaka kufa njaa, na miili yao ikaanza kufukuliwa 2023.

Mheshimiwa, Shakahola ni huku kwetu. Nairobi mliiona kwa TV, sisi tuliona magari yakipita na ile mifuko kuelekea mochari ya Malindi, siku baada ya siku, mpaka miili ikapita 400. Tuliona wazee wametoka magharibi mwa Kenya na Nyanza wamekaa chini ya mti nje ya hospitali wanasubiri kutolewa DNA, na wengine walingoja karibu mwaka mzima kabla ya familia ya kwanza kupewa miili Machi 2024. Kwa hivyo asije mtu akasema sisi tunaopinga hii sheria hatuna uchungu na wale watoto. Wale watoto 191 ambao Mackenzie na wenzake wameshtakiwa kwa mauaji yao, wengine walikuwa wakicheza na watoto wetu. Kesi iendelee na mwenye hatia afungwe asahaulike huko.

Lakini hebu tuambiane ukweli vile mambo yalivyokuwa. Lile kanisa la Mackenzie, Good News International, lilikuwa limesajiliwa. Cheti lilikuwa nacho! Serikali ilikuja kufuta usajili wake Mei 2023, wakati miili ishaanza kufukuliwa, sasa unafuta nini? Na Mackenzie hakuwa mtu wa kujificha asiyejulikana na polisi. 2017 alishikwa akapelekwa kortini kwa mafunzo yake ya kutoa watoto shule, kesi ikaisha akaachiliwa. Machi 2023 akashikwa tena, saa hiyo watoto wawili washakufa njaa mikononi mwa wazazi wao, akapewa dhamana akarudi. Watu wa karibu walipiga ripoti, jamaa waliokuja kutafuta watu wao walipiga ripoti, na waliosikia hawakuamka kwenda. Haya sio maneno yangu mimi mzee wa kijijini. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Danson Mungatana ilichunguza ikasema vyombo vya sheria vilizembea, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo 2024 ikasema hivyo hivyo.

Sasa niambie kama kiongozi na kama mwanasheria. Sheria ya kukataza kuua ilikuwepo. Sheria ya watoto ya 2022 ilikuwepo, na inakataza mtoto kunyimwa chakula, shule na matibabu. Polisi walikuwepo, chifu alikuwepo, nyumba kumi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa serikali kufanya kazi anayolipwa mshahara. Alafu dawa mnayoleta ni kuongezea hiyo serikali nguvu juu ya watu ambao hawakuua mtu. Mnaotuambia tuwaamini ni wale wale walioambiwa na hawakwenda.

Na kama kuna mtu anadhani tulijifunza, basi aangalie kijiji cha Kwa Binzaro. Ni Chakama hapo hapo, Kilifi hii hii, 2025, miaka miwili tu baadaye, miili zaidi ya 30 ikafukuliwa. Wakati huo hii sehemu ilikuwa ndo inaangaliwa kuliko zote Kenya nzima kwa mambo ya dini, kila mtu ameshajua jina la Shakahola, na bado watu walikuja wakazikwa porini bila mtu kusema simama. Kwani hiyo ingezuiwa na fomu gani? Wale hawakuwa na kanisa lenye bango wala mchungaji wa kuja ofisini kwenu kuomba leseni. Watu wa namna hiyo hawasajiliwi, wanajificha. Anayejisajili ni sisi, na tukishajisajili sisi ndo tunapatikana kirahisi, sisi ndo tunakaguliwa, sisi ndo tunapigwa faini.

Nikwambie kanisa dogo linaendeshwa vipi maana nahisi wanaoandika hizi sheria wanafikiria makanisa yote ni yale ya spika kubwa na magari ya kifahari. Mchungaji wetu ni fundi wa baiskeli. Jumatatu mpaka Ijumaa mikono yake ni mafuta ya cheni. Mweka hazina ni mama anayeuza mahamri, na hesabu ya kanisa ni daftari moja la kurasa 96 lenye gamba la buluu, amechora mistari kwa rula, upande wa kushoto sadaka, upande wa kulia imeenda wapi. Nimefungua ukurasa mmoja juzi: nauli ya mama mjamzito kwenda hospitali Malindi, sanda, unga kwa familia mbili, misumari ya paa, karo ya mtoto yatima iliyobaki nusu. Imeisha. Hakuna kilichobaki cha kuajiri mhasibu. Sheria ikisema tupeleke ripoti za mahesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na mchungaji atafute diploma ya theolojia, hela itatoka wapi kama sio kwa hiyo sanda na huo unga? Na Petro alikuwa mvuvi, Mheshimiwa, hao wakubwa wa Yerusalemu walishangaa kwamba hakusoma, na hilo halikumzuia kuhubiri.

Alafu kuna jambo ambalo huku chini kila mtu analijua. Baada ya Shakahola afisa mmoja alikuja kanisani kwetu katikati ya wiki, akauliza makaratasi, tukamuonyesha, akasema haya hayatoshi, tukamuuliza kinachotakiwa ni kipi, hakusema, alikaa tu pale kwa benchi anangoja. Mnajua alikuwa anangoja nini. Sasa mkipitisha sheria yenye faini kubwa na vifungo, mmempa yule afisa fimbo, na atapita kanisa baada ya kanisa, na msikiti wa kijijini na madrasa nazo hazitapona, maana hili halihusu Wakristo peke yetu.

Historia yetu pia inatufunza tusilale. Mkoloni alipiga marufuku Dini ya Msambwa, ile dini ya Kiafrika ya magharibi mwa Kenya, 1948. Wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau miaka ya 1950 akafunga makanisa ya Kiafrika kama Orthodox na shule huru za Wakikuyu za Karing'a, akisema ni usalama. Serikali yetu wenyewe ilipiga marufuku Msambwa tena 1968. Mwanzo wa 2016 Mwanasheria Mkuu alileta kanuni karibu sawa na hizi, vyeti vya theolojia, barua ya polisi ya tabia njema, ripoti za kila mwaka, na Wakatoliki, makanisa ya kiinjili na Waislamu wakakataa kwa sauti moja mpaka Rais Uhuru akaagiza zirudishwe watu washauriwe upya. Kila kizazi kinaletewa hii kitu na sababu mpya.

Na jirani tunaona. Rwanda walianza na mambo yanayosikika vizuri, vyoo, kelele, usalama wa jengo, digrii ya theolojia kwa viongozi. 2018 makanisa mamia yakafungwa Kigali, 2024 yakafungwa maelfu nchi nzima. Kuna mazuri ya Rwanda natamani tuyaige, barabara safi, ofisi za serikali zinazofanya kazi. Hili la makanisa hapana.

Wasiwasi wetu umezidi Oktoba 2025 Rais alipotia sahihi marekebisho ya sheria ya makosa ya kompyuta. Mle ndani kuna kifungu kinachoruhusu kamati ya serikali kuagiza tovuti ifungwe ikionekana inaeneza itikadi kali za dini. Itikadi kali kwa kipimo cha nani? Sisi ni watu wa msimamo wa zamani, tunahubiri ndoa ni ya mume na mke, tunafunga na kuomba siku nyingi, tunaamini mzazi ndo wa kwanza kwa malezi ya mwanawe kabla ya ofisi yoyote. Leo hayo ni ya kawaida, kesho akija mkubwa mwingine ofisini mwako akayaona ni ukali je? Alhamdulillahi, kama wasemavyo majirani zetu, Reuben Kigame mwimbaji wa injili na tume moja ya kutetea haki walikimbilia Mahakama Kuu na baadhi ya vifungu vikasimamishwa ndani ya wiki moja. Lakini raia hawezi kuishi kwa kukimbilia korti kila mwezi.

Katiba Kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya serikali, na Kifungu cha 32 kinalinda imani ya kila mtu. Hiyo ya 8 nataka iwabane na nyinyi kwa upande ule mwingine pia. Acheni kutuletea mamilioni madhabahuni. Mchungaji akishapokea bahasha ya mwanasiasa hana tena mdomo, na ndo maana nilimheshimu sana Askofu Mkuu Philip Anyolo Novemba 2024 alipoagiza pesa za Rais na za wanasiasa zirudishwe. Mkono unaotoa pesa kanisani na mkono unaotaka kushika leseni ya kanisa ni mkono mmoja, na sisi tunauona.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza utuambie hadharani ni maafisa wangapi waliopuuza zile ripoti za Shakahola na Kwa Binzaro wamefikishwa mbele ya hakimu, sio kuhamishwa kituo, kufikishwa mbele ya hakimu. Kabla ya jibu la hilo sioni kwa nini tuzungumze habari ya cheti cha mchungaji wangu. Pili, kituo cha polisi kikipata ripoti kwamba watoto wananyimwa chakula au wametolewa shule, kiwe na muda uliowekwa wa kwenda kuona, na OCS, yaani mkuu wa kituo, asipokwenda awajibike yeye mwenyewe kwa jina lake. Ofisa wa watoto apewe hata pikipiki, maana huku anasimamia eneo kubwa kwa miguu na nauli ya mfukoni.

Na kama bado mtasisitiza kuleta mswada, basi uleteni kwa Kiswahili, na vikao vya maoni visiwe kwenye hoteli za Mombasa na Nairobi. Njooni Langobaya, njooni Chakama, njooni Ganze na Magarini, mkae siku ya kazi ambayo sio ya soko ili kina mama waweze kufika. Mweka hazina wetu atakuja na daftari lake, yuko tayari kulisoma ukurasa kwa ukurasa mbele yako.

Wako katika kazi ya Bwana,
Mzee wa kanisa, Malindi, Kaunti ya Kilifi