Kabla hujatia supagluu kwenye kikombe chako cha kale

Haipiti wiki bila mtu kutuandikia kwamba sisi mafundi wa kuunga vyombo vya kale tunakamua watu. "Mkono wa kikombe umetoka tu, kuurudisha ndiyo bei hiyo?" Ndiyo bei hiyo, na mara nyingi sehemu kubwa yake ni kubandua gundi aliyoitia mwenyewe kabla ya kutuletea.

Chukua vile vikombe vya bia vya kahawia vilivyofinyangwa London karne ya 18, vyenye mbwa wanaomfukuza sungura, miti, pengine na mlevi ameketi na kikombe chake. Mapambo hayo hayakuchorwa. Udongo ulikandamizwa kwenye kalibu ndogo, kisha kila pambo likabandikwa kwa mkono kikombe kikiwa kibichi. Sehemu ya juu ilichovywa kwenye uji wa udongo wenye chuma, ndiyo maana imeiva rangi kuliko chini. Tanuri likishapita nyuzi 1,200, chumvi ilitupwa ndani, ikawa mvuke, ikashikana na udongo na kuacha glezi, yaani utando mgumu unaong'aa, wenye vinundu kama ganda la chungwa. Mfinyanzi John Dwight wa Fulham, London, alipata hataza ya kazi hii mwaka 1672, na wafinyanzi wa Vauxhall, Lambeth na Mortlake wakaiendeleza.

Glezi hiyo ikikwanguliwa, basi. Msituambie tukichome upya: kikombe cha umri huo kinaweza kupasuka, na kama kina ukingo wa fedha, fedha itayeyuka kabla chumvi haijafanya kitu.

Mzee mmoja alituletea chake akiwa ameshaunga mkono kwa supagluu. Gundi hiyo hukamata papo hapo, na mkono ulikamata ukiwa umepinda. Iliyovuja akaisugua kwa msasa, mbwa wa mbele akabaki hana kichwa. Tuliilainisha kwa pamba yenye asetoni, tukaikwangua kidogo kidogo kwa kijiti chini ya lenzi, tukaunga upya kwa gundi ambayo fundi wa kesho ataweza kuiyeyusha. Kichwa tulimshauri akiache. Akakataa, tukakichonga kwa resini na kukipaka rangi. Bili ilipotoka, akanuna!

Na alikuwa na bahati, msasa haukugusa muhuri wa WR (William Rex, yaani Mfalme William) wenye taji. Muhuri huo ulitokana na sheria ya vipimo vya bia ya mwaka 1700, na uliendelea kugongwa miaka mingi baada ya Mfalme William III kufa mwaka 1702. Kwa hiyo tukisema kikombe chenye WR ni cha miaka ya 1740, hatujakudanganya.

Vile vikombe vyeupe vya Staffordshire, Uingereza, vilivyochanjwa maua na kujazwa buluu ya kobalti, tafadhali msiviloweke kwenye jiki ili kutoa doa la ufa. Jiki huacha chumvichumvi ndani ya ufa, nazo huja kusumbua baadaye.

Kikivunjika, okota kila kipande, hata chembe. Usikioshe, wala usijaribu kuvilinganisha vipande, kingo zinalika. Funga kila kimoja kwenye karatasi yake, ukilete. Kuangalia hatutozi. Bei tunaitaja kikombe kikiwa mezani, si kwa picha ya simu.