Usinunue friji kwanza, Salim

Salim ndugu yangu, salaam aleikum, mama na watoto hawajambo? Sisi huku Kilifi wazima, kusi limeanza kuvuma, boti iko ndani huku krik imetia nanga ndo nimepata muda wa kukuandikia.

Umenambia friji ya boti inamaliza betri usiku kucha na fundi wako hapo Tanga ashasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imekufa nunua friji mpya. Ngoja kwanza. Mi mwaka jana yamenikuta hayohayo, fundi akaja akajaza gesi, wiki haijaisha ubaridi hakuna, akarudi akajaza tena, hela imekwenda mara mbili na nguru wa wageni wameoza nikawamwaga baharini, roho iliniuma sana Salim.

Kumbe gesi haikuwa na shida yoyote. Hiyo kompresa yako si Danfoss BD35 kama yangu? Ubavuni pana kiboksi cha umeme, mwambie fundi afunge taa ndogo ya LED kwenye kiboksi hicho, kati ya pini zilizoandikwa + na D, friji ikigoma taa inakuhesabia. Ikiwaka mara moja ikatulia afu ikarudia, umeme haufiki. Mara 3 ni mota imeshindwa kuanza, mara 5 kiboksi kimechemka, hapo mara nyingi ni hewa haipiti, feni imeziba. Yangu ilikuwa inawaka mara moja moja tu. Nikachukua mita ya kupima umeme, kwenye betri volti 12.6, kwenye kompresa pale inapotaka kuwaka 10.2, na hiyo mashine ikishuka 10.4 inajizima. Basi nikafuata waya mpaka chini kwenye ngama, pale maji ya boti yanapotuama, nikamenya plastiki kidogo, shaba imekuwa kijani kwa juu ndani nyeusi tii, nikiisugua na kidole inamomonyoka kama majivu!! Nikaweka waya mpya, unene milimita 6 za mraba, na huo kwa volti 12 usizidishe mita 6, kama betri yako iko mbali zaidi chukua wa 10.

Ikawaka siku hiyohiyo. Lakini ikawa hailali, inanguruma mchana na usiku, nikajua sasa ni sanduku lenyewe la friji. Nikatoboa tundu kwa chini, maji yakaanza kutiririka, nikakata ubao wa ndani nikaitoa ile sponji ya njano ya kuzuia joto kwa mkono, nzito kama taulo limetoka kufuliwa. Miaka yote ile ilikuwa inanyonya maji, ubaridi utakaaje? Nimejaza mpya sentimita 10 kila upande, nikaziba na faiba isipite hata tone, na raba ya mlango nikabadilisha. Kazi ya siku 4, mikono iliwasha vibaya, vaa glavu tafadhali.

Kitakachonifanya nikwambie nunua ni kama kile kibati cha maelezo kwenye kompresa kimeandikwa R12, gesi hiyo ilipigwa marufuku na Mkataba wa Montreal, usihangaike nayo. Au bati la barafu, lile la ndani linalotoa ubaridi, lishatobolewa na chumvi. Hata ikiwaka mara 3 na waya ni mzima, ulizia kwanza kile kiboksi peke yake, kinauzwa mbali na kompresa.

Kesho asubuhi betri ikiwa imejaa pima pande zote mbili, friji ikiwa inajaribu kuwaka lakini, sio imezimwa, afu nitumie namba na unihesabie taa. Hela usimpe mtu mpaka tumeongea.